Tuhesabieni maganda: barua ya wazi kuhusu risasi za mchezo wa shabaha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, Jeshi la Polisi, Baraza la Michezo la Taifa, na uongozi wa Jiji la Dodoma.

YAH: RISASI NDOGO ZA .22 KWA MCHEZO WA KULENGA SHABAHA

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Nilikuja Dodoma kijana, enzi za CDA, mamlaka iliyoustawisha mji huu kuwa makao makuu, nikapanda bikoni, zile nguzo za mipaka ya viwanja, Kisasa, Nkuhungu na kwingineko ambako leo ni mitaa yenye lami na taa. Kazi ile ilinifundisha kuheshimu milimita. Ukikosea kidogo kwenye pembe, mita mia tano mbele umeshamwingiza mtu kwenye kiwanja cha jirani, na kesi yake wataipokea wajukuu. Nadhani ndiyo maana nilipoonyeshwa mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya .22, yaani yenye mtutu wa kipenyo cha kama sehemu 22 za mia za inchi, mwaka 1998, ulinishika moja kwa moja. Niliikuta kazi yangu mle mle: utulivu, jicho, pumzi, na karatasi inayokuonyesha kosa lako bila kukuonea haya.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za kwenye bahasha nimeandika tatu, sijajibiwa hata moja. Tena jambo hili si langu peke yangu. Kikundi chetu kina watu saba. Yumo mwalimu mstaafu wa hisabati, yumo muuguzi mwenye watoto wanne, yumo mkulima wa zabibu wa Hombolo. Kila mmoja ana leseni yake na kila mmoja hulipia kwa wakati. Lakini tumepungukiwa risasi kiasi kwamba mchezo umebaki jina.

Niwaeleze Jumamosi yetu ilivyo. Tunakutana saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka, kwenye shamba la mwenzetu chini ya mlima wa mawe. Polisi wanajua tupo, tunatoa taarifa kabla ya kila zoezi. Bendera nyekundu inapandishwa. Nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo linalozidi urefu wa mtu, na nyuma ya tuta ni mlima mtupu usio na njia wala nyumba. Katikati ya uwanja tumesimika kijiti chenye utepe wa kanga kuukuu. Mwezi wa Julai, upepo wa kusini-mashariki unapoanza kubeba vumbi, utepe ule ndio mwalimu wetu: ukipeperuka tunangoja, ukitulia tunafyatua.

Kila mtu ana kibao kidogo cha mbao chenye matundu kumi ya kusimamishia risasi. Zamani tuliyajaza yote, tukayajaza tena. Siku hizi muuguzi wetu huja na risasi tano. Huzifuta moja moja kwa kitambaa, akaigeuza kila moja kwenye mwanga kuangalia ukingo wake, kama anavyoiangalia sindano kabla ya kumchoma mtoto. Anapiga goti, anavuta pumzi, anaitoa nusu, anangoja. Mara nyingi hungoja mpaka mkono unaanza kutetemeka, akaishusha bunduki bila kufyatua. Simlaumu hata kidogo. Risasi zikiwa tano, kila moja inakuwa kama yai la mwisho jikoni. Lakini mlengaji anayeionea uchungu risasi yake hawezi kukua, maana kulenga kunafundishwa na kurudia. Mama wa Kigogo hajui kupiga ngoma ya muheme kwa kuelezwa. Anapiga, anapiga tena, mpaka mikono yenyewe ikajua.

Baada ya dakika arobaini zoezi limekwisha. Tunaokota maganda, tunayahesabu kwa sauti, idadi inaandikwa daftarini na wawili wanatia saini. Likipungua ganda moja, hakuna anayeondoka mpaka lipatikane. Siku moja tulikaa hadi saa tano tukipekua nyasi kavu kwa vidole, likapatikana ndani ya mkunjo wa turubai. Naomba mlikumbuke daftari hilo. Nitalirudia.

Sasa kuhusu risasi yenyewe, kwa sababu nahisi wengi wanaposikia neno risasi wanaona picha ya vita. Hii ninayoisemea ina urefu wa milimita 25 hivi yote kwa jumla, na kichwa chake, kilichofinyangwa kwa madini yale yale yanayoitwa risasi, kina uzito wa gramu 2.6 tu. Ilibuniwa Marekani mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Tofauti yake kubwa na risasi za bunduki kubwa iko kwenye fataki, yaani kile kilipuzi kidogo kinachowasha baruti. Kwenye risasi kubwa fataki ni kidude kinachokaa katikati ya kitako cha ganda. Kwenye hii ya .22, fataki huzungushwa ikiwa mbichi mpaka ikaingia ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo.

Matokeo yake ni kwamba ganda likishafyatuka, ukingo umepondeka na kazi yake imekwisha. Wenye bunduki kubwa katika nchi nyingine huokota maganda yao, wakayatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, gharama ikapungua. Sisi njia hiyo hatuna. Kila tunapofyatua, risasi mpya lazima itoke kiwandani, ipande meli, ipite bandarini, ifike mkononi. Mnyororo ukikatika popote, mchezo umesimama.

Na ulikatika. Mwisho wa 2012 na mwaka mzima wa 2013, Wamarekani waligombania risasi hizi madukani kwa hofu kwamba sheria zao zingebadilishwa, na .22, ambayo kwa miaka yote ilikuwa ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, ikawa ya kupangiwa foleni. Hali ikajirudia 2020 kwa corona. Kisha vita vya Ukraine kuanzia 2022 vikaongeza njaa ya baruti na malighafi yake duniani kote. Viwanda vinavyotengeneza risasi za shabaha za daraja la juu ni vichache, kama Eley wa Birmingham, Uingereza, ambao historia yao inaanzia 1828, na Wajerumani kadhaa. Havijengi mitambo mipya kwa sababu wanunuzi wameongezeka kwa msimu mmoja. Katika foleni hiyo mnunuzi wa Dodoma anayetaka maboksi machache anasimama mwisho kabisa. Hata msafirishaji hamtaki: kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa mzigo huu ni wa vilipuzi, daraja la 1.4S, na ingawa hilo ni daraja la chini la hatari, makaratasi yake ni yale yale kwa maboksi kumi au elfu kumi. Gharama hiyo yote inaangukia kwenye boksi moja la mtu mmoja.

Mwaka juzi nilikwenda Dar es Salaam, kilomita 450, na kibali changu mfukoni. Duka la kwanza halikuwa na kitu. La pili, kijana wa kaunta aliniambia kwa upole, "Mzee, shikamoo, za shabaha zilishakwisha zamani, labda hizi za kuwindia." Bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile niliyonunulia mara ya mwisho. Nikanunua, kwa sababu kurudi mikono mitupu kungeniuma zaidi.

Risasi za kuwindia si za mchezo wetu, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Risasi ya shabaha husafiri taratibu kwa makusudi, mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti ambayo ni kama mita 340. Ile ya kuwindia huanza juu ya kasi hiyo, na ikielekea mbele inapungua na kuvuka mpaka wa sauti njiani, ikatikisika. Zaidi ya hapo, mlengaji anahitaji risasi za bechi moja, yaani zilizotoka kiwandani kwa mkupuo mmoja, zinazofanana. Risasi mbili zikipishana mita kumi tu kwa sekunde, kwa umbali wa mita 50 zinapishana karibu milimita saba kwa wima. Duara la kumi kwenye shabaha ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, ukubwa wa kifungo cha shati. Hapo mtu ameshapoteza pointi kabla hajakosea lolote.

Kati ya hamsini nilizonunua siku ile, nne hazikulipuka. Unafyatua, unasikia "tik", kimya. Kanuni ni kuiacha bunduki ikielekea kwenye shabaha, kuhesabu taratibu sekunde thelathini, ndipo ufungue, kwa kuwa moto unaweza kuchelewa. Nilihesabu. Nikaitoa, nikaona alama ya pini kwenye ukingo, na ndani yake fataki haikufika. Nne kati ya hamsini, baada ya kilomita 900 za kwenda na kurudi.

Kibali chenyewe kiliniruhusu boksi moja la risasi hamsini, na ndilo lililotakiwa kunitosha mwaka. Shindano moja la Olimpiki la bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu, yaani kupiga goti, kulala kifudifudi na kusimama, ni risasi 60, ishirini kila mkao, ukiacha za kujipima kabla ya kuanza. Kwa hiyo mgao wangu wa mwaka hautoshi kumaliza shindano moja. Simlaumu ofisa aliyeandika kibali kile. Aliniona kama mtu anayelinda mifugo dhidi ya fisi, na kwa mtu huyo hamsini ni nyingi. Hakuwa na mwongozo wowote unaomwambia kwamba kuna raia anayetumia risasi kama mkimbiaji anavyotumia viatu.

Najua kwa nini mnakaza kamba, na niseme bila kuzunguka kwamba ninataka muikaze. Nimeishi na wafugaji na wakulima wa mkoa huu. Nimeona digidigi na kanga wanavyokwisha porini kwa bunduki zisizo na karatasi. Nimeona majirani wanavyolala kwa hofu ukivuma uvumi wa silaha mtaani. Bunduki ya .22 ni ndogo lakini si mchezo wa watoto. Risasi yake huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu na kuua ikifika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ilikuja kwa sababu nzito, na hakuna mwenzangu hata mmoja anayeomba ilegezwe.

Ninachoomba ni hesabu ya aina nyingine. Leo mnatudhibiti kwa kutupa risasi chache, halafu hamjui zilikoishia. Mtu anaweza kununua hamsini, akazifyatua porini, na mwaka ujao akaja kuomba nyingine bila kuulizwa zile za kwanza zilifanya nini. Tuhesabieni maganda. Klabu iliyosajiliwa ipewe mgao wa klabu, risasi zitunzwe kwenye ghala la silaha la polisi, zitolewe asubuhi ya zoezi kwa idadi, na jioni yarudishwe maganda kwa idadi ile ile pamoja na risasi zilizobaki na zile zilizogoma kulipuka. Ganda moja likikosekana, mgao usimame mpaka lielezwe. Hapo mtakuwa na udhibiti mkali kuliko wa sasa, na sisi tutakuwa na risasi za kutosha kujifunza. Daftari letu la miaka kumi na mmoja liko tayari kukaguliwa. Tulilianzisha wenyewe, hakuna aliyetulazimisha.

Jambo la ununuzi linafuata hapo hapo. Mtu mmoja mmoja hatutafika popote. Ruhusuni klabu zote za shabaha nchini ziagize pamoja mara moja kwa mwaka, kupitia mikono ya serikali. Pale Morogoro tuna Shirika la Mzinga, lililo chini ya jeshi, ambalo risasi na vilipuzi ndiyo kazi yake ya kila siku. Sisemi lianze kesho kutengeneza .22, maana kuweka fataki kwenye ukingo ni ufundi na mitambo ya peke yake. Ila shirika la namna hiyo likiwa ndilo mwagizaji, makaratasi ya mzigo mmoja yatagawanywa kwa maboksi mengi, bechi itakuwa moja kwa nchi nzima, na serikali itajua kila boksi lilikoingia kabla halijashuka melini.

Kwa Baraza la Michezo la Taifa nina neno la pekee. Kwenye michezo ya majeshi yetu shabaha inashindaniwa, na askari wetu wanashangiliwa. Kwenye SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, watumishi wanarusha vishale, na vishale ni ndugu wa damu wa shabaha. Kulenga kulikuwemo kwenye Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896. Sisi medali zetu za Olimpiki ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za mbio. Wazee wale walitupa heshima iliyotutosha kwa zaidi ya miaka arobaini. Mchezo huu hauulizi kimo wala misuli, na umri hauufungii mlango mapema. Unauliza mtu anayeweza kutulia. Watu wa namna hiyo katikati ya nchi hii tunao: nimekaa na wachungaji wa ng'ombe Bahi wanaoweza kusimama kwa mguu mmoja nusu siku wakitazama upeo wa macho.

Vijana waanze na bunduki ya upepo. Kijirisasi chake kina kipenyo cha milimita 4.5, hakina baruti, hupigwa kwa umbali wa mita 10, na ukumbi wa shule wenye ukuta mzuri na ulinzi unatosha. Ni mchezo wa Olimpiki tangu Los Angeles 1984, na nukta ya kumi kwenye shabaha yake ni nusu milimita. Tungeomba mwongozo ulioandikwa, wenye sahihi, unaosema nani anaweza kuimiliki, itunzwe wapi na mwalimu awe na sifa gani. Kopo la vijirisasi mia tano hukaa kwenye kiganja. Binti wa muuguzi wetu, ana miaka kumi na sita, huja Jumamosi kutuhesabia maganda. Hajawahi kushika bunduki, kwa kuwa hatuna njia halali ya kumfundisha. Ila anajua kusoma ule utepe wa kanga kuliko sisi sote.

Kwa uongozi wa Jiji nitasema kama mpima ardhi, maana hili nalijua hata usingizini. Dodoma limekuwa jiji tangu 2018 na ardhi inakwisha tukiiangalia. Shamba tunalotumia leo litakuwa viwanja vya makazi muda si mrefu, tayari nimeona vigingi vya rangi nyekundu upande wa pili wa korongo. Uwanja wa shabaha hauhitaji eneo pana. Unahitaji mahali sahihi: mita 50 za kupigia, tuta refu la udongo, na nyuma yake mlima usiokaliwa wala kupitwa. Milima ya mawe tunayo kuizunguka Dodoma yote. Tengeni kipande kimoja sasa, kikiwa bado ni pori, mkiandike kwenye ramani. Kiwe mbali na mkondo wa maji unaokwenda bwawani, kwa sababu vichwa vya risasi ni madini yenye sumu, na maji ya bwawa la Hombolo yanatumiwa na wakulima na wakazi. Tuta lichekechwe kila mwaka na madini yatolewe. Niko tayari kupima eneo hilo bila malipo, vifaa ninavyo.

Wenzangu wameniuliza kama kuandika hadharani hakutatuletea macho mabaya. Nimewajibu kwamba wanaoficha ni wale wasio na daftari.

Kila usiku baada ya taarifa ya habari, nikishahakikisha bunduki ni tupu mara mbili, nalala kifudifudi kwenye mkeka sebuleni nikalenga nukta ya kalamu ukutani, nikafyatua bila risasi mara thelathini. Mke wangu amezoea ule mlio. Mazoezi hayo yanasaidia, ila ukuta haukwambii kama umepiga kumi au nane.

Kabatini, kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa komeo mbili, nimebakiwa na risasi kumi na tisa. Nimezitenga: tano za Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mpaka zitakapokwisha. Tunaomba mmoja wenu, au ofisa mtakayemtuma, aje Jumamosi mojawapo kati ya hizo. Saa moja asubuhi, aje na koti kwa sababu Dodoma alfajiri ni baridi, akae karibu na meza ya daftari, ahesabu maganda pamoja na yule binti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpima ardhi mstaafu,
Dodoma